Ukucha wa mtoto na leza ya pili

Mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nakuru. Nafundisha Kiswahili na historia, na jioni nashika filimbi ya mpira wa wavu wa wasichana. Nina miaka 34.

Nilivaa miwani tangu darasa la sita. Kila mwaka namba ilipanda hadi ikafika hasi tano na nusu, macho yote mawili. Mpira umenivunjia miwani mitatu. Mwaka 2022 nikachukua mkopo wa sacco, nikaenda Nairobi nikafanyiwa leza. Hospitali sitaitaja. Siku nne za kwanza nililia usiku na mchana, macho yakiwaka kama yaliyopakwa pilipili, nikiwa nimewekewa vilenzi laini vya kufunika vidonda. Ilichukua wiki kadhaa kabla sijaona sawasawa. Lakini nilipoona, Mama, niliona! Nilisoma jina la sacco kwenye matatu iliyo ng'ambo ya barabara. Sikujuta hata siku moja, mpaka mwaka huu.

Mwanangu ana miezi minane. Alipokuwa na minne, nikimnyonyesha, alirusha mkono na ukucha ukaniingia jicho la kulia. Niliumwa siku mbili, nikapewa dawa kwenye kliniki ya karibu, likapoa. Kama wiki tatu baadaye, saa kumi alfajiri, mtoto akalia. Nikafumbua macho ghafla, nikasikia kitu kinachanika ndani ya jicho. Ilikuwa kama plasta inayobanduliwa kwenye kidonda kibichi. Machozi yalimwagika, na mwanga wa simu sikuweza kuutazama. Saa nne nilikuwa darasani nikifundisha kwa jicho moja. Jioni likawa zima, kana kwamba nilikuwa nasingizia.

Tangu hapo limenirudia mara sita, kila mara alfajiri, kila mara jicho lile lile. Siku zikiwa nzuri bado naona kama kuna ukungu mwembamba, na taa za magari usiku zina pete.

Mama mkwe, ambaye yuko Vihiga, anasema nitie maziwa ya titi. Mume wangu anasema niliyachezea macho niliyopewa na Mungu, na sasa navuna. Rafiki yangu wa kemisti alinipa kichupa kidogo kisicho na karatasi. Tone moja tu na maumivu yanakatika papo hapo. Mwanzoni nilikitumia siku za balaa pekee, lakini siku hizi natia hata kabla ya kulala, kwa hofu.

Nilirudi Nairobi. Daktari akasema ngozi ya juu ya jicho haijashika vizuri, na dawa yake ni leza tena. Nikamuuliza, si leza hiyo hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa? Akatabasamu, akatazama saa yake.

Naogopa. Je, ni leza iliyoniharibu? Ya pili itanimaliza? Na muhula ujao ndio wa mashindano ya mpira wa wavu, uwanja wetu ni vumbi tupu. Nimkabidhi mwenzangu filimbi?

Mwalimu wa Filimbi, Nakuru


JIBU

Mwalimu, kabla ya leza, kabla ya mume, kabla ya Nairobi, kuna kile kichupa. Kama kina jina popote, liandike kwenye karatasi, kisha inuka ukimwage. Nitakungoja.

Dawa inayokata maumivu ya jicho papo hapo kwa tone moja ni dawa ya ganzi. Nyingi majina yao huishia na "kaini": tetrakaini, proparakaini na ndugu zao. Nilipokuwa muuguzi wa macho tuliitumia kila siku, tone moja au mawili kabla ya kutoa kibanzi au kupima presha ya jicho. Hakuna mgonjwa aliyeondoka nayo. Ganzi hiyo huzuia ngozi ya jicho kuota. Tena inazima kengele: jicho halisikii vumbi, halisikii ukavu, linapepesa kidogo, na wewe unaendelea na kazi ukidhani umepona. Ikitumika siku hadi siku, kioo cha jicho huanza kulika. Nakumbuka fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliyechomwa macho na ule mwanga wa kuchomelea, akapewa kichupa kama chako na mtu aliyemhurumia. Alikuja kwetu wiki kadhaa baadaye na doa jeupe katikati ya jicho. Maumivu hayakuwepo, lakini na kuona hakukuwepo.

Kwa hiyo wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi, nenda kliniki ya macho yenye ile mashine ya kuweka kidevu, waliangalie jicho hilo. Waambie ukweli wote kuhusu ganzi. Hawatakupiga. Si lazima uende Nairobi kwa hilo. Ukiwa umeenda kwa wakwe Vihiga, hospitali ya macho ya Sabatia wanajua kazi hiyo tangu zamani.

Maziwa ya titi ni chakula cha mtoto. Kwenye jicho lenye kidonda yanapeleka sukari na vijidudu mahali visipotakiwa. Mwambie mama mkwe umeshukuru. Usibishane naye.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Hukutaja jina la upasuaji uliofanyiwa, lakini umenionyesha bila kujua. Kuna leza za aina mbili zinazofanywa sana. Moja hukata kifuniko chembamba kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, wakakifunua, leza ikafanya kazi chini yake, wakakirudisha. Aliyefanyiwa hiyo huamka kesho yake anaona. Nyingine haina kifuniko. Ngozi ya juu hukwanguliwa, leza ikapigwa moja kwa moja, na jicho likaachwa liote ngozi mpya chini ya lenzi laini. Hiyo ndiyo ya pilipili siku nne na ukungu wa wiki kadhaa. Yako ni hii ya pili. Nakwambia kwa sababu jicho lenye kifuniko lina mashaka yake, na daktari yeyote atakayegusa hilo lako lazima ajue halina. Tafuta karatasi zako za 2022. Nazo umpelekee.

Je, leza ndiyo iliyokuharibu? Mwalimu, ulikaa na macho hayo bila shida mpaka ukucha ulipoingia. Ukucha wa mtoto mchanga ni katika visababishi vikubwa vya ugonjwa huu duniani kote, pamoja na ukingo wa karatasi (jihadhari na marundo ya mitihani) na jani la muhindi. Wako wamama chungu nzima ambao hawajawahi kuona leza hata kwa picha, na wanaamka alfajiri wakisikia mchaniko huo huo. Kwa hiyo mume wako amekosea, na ungeweza kumwonyesha aya hii akiwa ameshiba.

Lakini sitakudanganya kwamba leza haihusiki hata kidogo. Wapo watu wanaozaliwa na zulia bovu chini ya ngozi ya konea, yaani ule utando ambao ngozi hiyo hujishikiza. Kwenye mashine utaona michoro kama ramani, nukta na alama za vidole. Mtu kama huyo, jambo lolote likimgusa, leza au ukucha, ngozi yake hubanduka kirahisi. Mwombe daktari aliangalie na jicho la kushoto, lile zima. Likiwa na michoro hiyo, basi ukucha ulikuwa sababu tu ya kuanza. Likiwa safi, lawama kubwa ni ya huyo kijana wa miezi minane.

Konea yote ina unene wa karibu nusu milimita. Ngozi yake ya juu ni kama sehemu moja ya kumi ya hapo. Ngozi hiyo ikichubuka huota haraka, siku mbili tatu imefunika. Ndipo watu hudanganyika. Wewe una uwanja, utanielewa. Ukipanda ukoka mahali palipokwanguliwa, wiki moja unaona kijani, unasema tayari. Msichana wa kwanza akiteleza, ukoka wote unabanduka kama mkeka, kwa sababu majani yapo lakini mizizi haijaingia. Ngozi ya jicho nayo inahitaji wiki nyingi, mara nyingi miezi, kushika chini. Na usiku ndio mwizi. Ukilala machozi hupungua, konea huvimba kidogo, ngozi iliyolegea inanata kwenye kope. Mtoto analia, unafumbua macho kwa ghafla, kope inaondoka na kipande. Ndiyo maana ni alfajiri tu, na ndiyo maana jioni unaonekana mwongo.

Daktari wako, hata kama alitazama saa, hakukosea kwenye ugonjwa. Na leza anayoitaja, ingawa huenda ikawa mashine ile ile, haiendi kufanya kazi ile ile. Mwaka 2022 ilichonga konea ibadilike umbo, ili mwanga uangukie mahali pake. Kwa miwani ya hasi tano na nusu, inayoondolewa ni takriban mikroni 80, yaani kama unene wa unywele mmoja. Safari hii haichongi umbo. Ngozi iliyolegea huondolewa, kisha leza inapita juu ya uso uliobaki kwa mikroni 5 hadi 10 tu, ikiondoa zulia bovu na kuacha udongo mpya ambao mizizi itashika. Ni kuparua uwanja kabla ya kupanda upya. Leza yenyewe inakwisha kwa sekunde chache, na kwa matone ya ganzi, ambayo safari hii yatakuwa mkononi mwa mwenye kuyajua.

Tena leza hii haichomi kama moto. Ni mwanga wa urujuanimno, usioonekana, mawimbi ya nanomita 193, unaovunja vifungo vya nyama safu kwa safu bila kuunguza za jirani. Mkemia wa kampuni ya kompyuta ya IBM, Rangaswamy Srinivasan, aliujaribu mwaka 1981 kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, akaona mkato safi usio na kuungua. Miaka miwili baadaye, yeye na daktari wa macho Stephen Trokel wakaonyesha unavyokata konea. Na jambo ambalo wengi hawalijui: Marekani ilipoiruhusu mwaka 1995, ruhusa ya kutibu uso wa konea ilitangulia kwa miezi kadhaa ile ya kuondoa miwani. Kwa hiyo anayekwambia kutibu jicho kwa leza ni kuganga kwa moto uliokuunguza, anaanza hadithi katikati.

Hata hivyo sikushauri ukimbilie. Katika barua yako yote sijaona mahali ulipopewa matibabu madogo na kuachiwa muda wa kutosha. Uliumwa, ukapewa dawa, ukapoa, ukaacha. Na jicho la namna hii huharibika hasa kwa kuacha. Kama kliniki wataona jicho halijaharibiwa na kile kichupa, waulize kuhusu mpango huu: marhamu ya kulainisha kila usiku kabla ya kulala, pengine yenye chumvi ya asilimia 5 inayofyonza maji kwenye konea, kwa miezi mitatu bila kuruka usiku hata mmoja, hata ukijisikia mzima kabisa. Hasa ukijisikia mzima. Mchana machozi ya dukani yasiyo na kihifadhi. Ikibanduka tena vibaya, lenzi laini ya bandeji kwa wiki kadhaa, lakini chini ya uangalizi, maana kulala na lenzi kunafungua mlango kwa vijidudu. Wengine hupewa vidonge vya antibiotiki, doksisaiklini. Hapo sema mapema kwamba unanyonyesha.

Na asubuhi, jambo moja dogo ambalo nimeona likiokoa watu wengi kuliko dawa za bei: usifumbue macho. Amka ukiwa umeyafumba, yazungushe taratibu chini ya kope, tia tone la machozi kwenye kona, subiri kidogo, kisha fumbua polepole. Najua unachofikiria. Mtoto analia saa kumi, nani wa kusubiri? Mume wako. Dakika mbili za kwanza ni zake kila usiku. Kama ana muda wa kuzungumza kuhusu macho ya Mungu, ana mikono ya kumbeba mtoto.

Usilisugue jicho hilo. Na usinunue kwenye kemisti matone yenye steroidi, hata kama chupa imeandikwa ni ya uvimbe na wekundu. Hupandisha presha ya ndani ya jicho kimyakimya, na kama kuna maambukizi ya hepesi au ya kuvu, ni kuyamwagia petroli. Baada ya leza huenda daktari mwenyewe akakupa steroidi kwa kipimo. Hiyo sawa, mradi presha inapimwa. Mkumbushe anayepima kwamba konea yako ilipunguzwa, kwa sababu konea nyembamba huifanya mashine isome presha chini kuliko ilivyo.

Miezi mitatu ikipita na bado unachanika alfajiri, au ule ukungu haupungui, hapo leza ina haki yake, na mimi nikiwa wewe ningekubali. Lakini muulize daktari maswali akiwa ameketi. Konea yangu imebaki unene gani leo, kwa kipimo kipya, si cha 2022? Ukungu ninaouona ni wa ngozi au ni kovu la chini? Maana kovu likiwa la ndani leza itabidi ishuke zaidi, na ikishuka zaidi huweza kulisogeza jicho upande wa miwani ya kusomea, na wewe unakaribia 40 na marundo ya insha. Je, mtatumia maitomaisini? Hiyo ni dawa kali ya jamii ya dawa za saratani, ambayo madaktari wengine huigusisha kwenye konea kwa muda mfupi kuzuia kovu, hasa jicho lililowahi kupigwa leza. Ina faida yake, ila daktari ajue kuna mtoto titini.

Swali ambalo wagonjwa hawaulizi, kwa sababu hakuna anayewaambia lipo: je, inaweza kufanywa bila leza? Kuna kifaa kidogo kinachozunguka chenye ncha ya almasi, kinachong'arisha uso huo huo baada ya ngozi kukwanguliwa. Kwa ugonjwa huu wa kubanduka, matokeo yake hukaribiana sana na ya leza, na hakihitaji mashine ya mamilioni. Daktari wa konea aliyekizoea anaweza kukufaa kwa gharama ndogo. Kuna pia kudunga vitundu kwa sindano, lakini hiyo haifanywi katikati ya jicho unapoonea. Kama shida yako ni kovu, leza ndiyo inayosawazisha vizuri zaidi. Kama ni kubanduka peke yake, almasi isidharauliwe.

Njia yoyote utakayochukua, jiandae kwa zile siku nne za pilipili. Unazijua. Tofauti ni kwamba sasa una mtoto. Panga likizo ya Agosti, tafuta msichana wa kukusaidia au mwite mama mkwe aje kutoka Vihiga. Atafurahi kuhitajika, na atasahau habari za maziwa. Kuona kutakuwa na ukungu kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia. Jua la adhuhuri liepuke kwa miezi kadhaa, au vaa miwani ya jua inayozuia miale ya urujuanimno, kwa maana miale hiyo huchochea kovu, na sisi wa karibu na ikweta tunaipata ya kutosha. Na wapo wachache ambao ngozi yao hubanduka tena hata baada ya leza. Likitokea, halitakuwa kosa lako.

Gharama: bima nyingi hukataa leza ya kuondoa miwani kwa sababu huihesabu kuwa hiari. Hii si hiari, ni ugonjwa wenye jina. Mwombe daktari aandike kwenye fomu kwamba ni kubanduka kwa ngozi ya konea kunakojirudia, na mara ngapi umekosa kazi. Usiandike neno "leza" peke yake ukatumaini mema.

Usingoje miadi yoyote ukiona doa jeupe juu ya rangi ya jicho, au maumivu yakipita siku nzima bila kupungua, au tongotongo zikiwa za usaha, au kuona kukishuka ghafla. Hiyo ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kuhusu filimbi, usimpe mtu. Mpira wa wavu ni muhula wa pili, na hutaenda leza kabla ya Agosti, kwa hiyo muhula huo ni wa marhamu. Jina la mji wenu lenyewe husemwa kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi, kwa hiyo vumbi hutalishinda. Tafuta miwani ya wazi inayokumbatia uso pembeni, ya bei rahisi, kama wanayovaa waendesha baiskeli. Mwombe mwalimu mkuu uwanja umwagiwe maji kabla ya mazoezi. Tia machozi kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Na kata kucha za mtoto akiwa amelala, kila Jumapili, umalizie kwa tupa laini, kwa sababu ukucha uliokatwa tu una ncha kali kuliko ule mrefu.